Kumchuna mbuzi wa Idi ngozi itoke nzima

Ngozi nyingi za mbuzi hapa Pemba huharibika katika nusu saa ya mwanzo, mnyama akiwa bado ananing'inia, na anayeziharibu ni mtu mwenye kisu kikali na haraka. Baadaye watu hulaumu chumvi, au mvua, au fundi wa ngoma. Fundi mwenyewe akiletewa ngozi huiinua juu akaitazama kwa mwanga. Mwanga ukipenya mahali patatu pane, hana maneno mengi: "Baba, hii si ngozi, hili chujio."

Mwongozo huu ni wa anayechinja nyumbani, iwe Idi Kubwa, akika, harusi au hitima, na angependa ngozi iwambwe dufu au ngoma, au itengenezwe msala wa kusalia, badala ya kufukiwa nyuma ya nyumba. Nianze na ninaloliamini: ngozi hutolewa kwa ngumi. Kazi ya kisu ni kufungua njia tu, na kila unapokirudia bila haja unaongeza tundu.

Mbuzi gani kwa kazi gani

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, mbuzi wa udhia, yaani wa kuchinjwa Idi Kubwa kwa ibada, awe ametimiza miaka miwili, na asiwe na kasoro ya wazi: chongo, kilema, ugonjwa, wala kukonda kwa kupindukia. Masharti hayo ni ya ibada, lakini na mchunaji anafaidika nayo. Mbuzi aliyenona ana mafuta kidogo baina ya ngozi na nyama, na ngozi yake huachia. Aliyekonda ngozi imemganda. Kila sehemu itataka kisu.

Kutimiza miaka miwili maana yake pia ngozi imekomaa, na ngozi iliyokomaa inafaa ngoma kubwa za kupigwa kwa mkono, mfano wa msondo, ile ambayo marehemu Bi Kidude alikuwa akiifunga kiunoni. Dufu na vidumbaki vinataka ngozi nyembamba, ya mbuzi mdogo zaidi au ya jike. Ukimpelekea fundi wa dufu ngozi ya beberu la miaka mitano, atakushukuru kwa adabu kisha ataiweka pembeni. Beberu ana shida nyengine: ngozi yake haina unene mmoja. Shingoni na kwenye uti wa mgongo ni nene, ubavuni na tumboni ni nyembamba, na tofauti hiyo husikika ngoma ikipigwa. Kwa msala lakini ni mzuri, kwa ukubwa wake na nywele zake, ila uwe tayari kuiosha sana harufu itoke.

Kabla ya kulipa, pitisha kiganja mgongoni na mbavuni kinyume na nywele. Utayahisi makovu ya miba, ya kupe na ya pembe za wenziwe. Kovu lililopona si tundu, lakini ngozi ikivutwa juu ya mzinga wa ngoma, mpasuko hupenda kuanzia hapo.

Siku moja kabla ya kuchinja, mwoshe au umkwangue kinyesi kilichokaukia mapajani na tumboni, kwa sababu kinyesi hicho hicho ndicho kitakachoingia kwenye nyama na kuozesha ngozi. Usiku mnyime malisho, maji mwachie anywe apendavyo. Mbuzi aliyekunywa vizuri na kupumzika huchunika kwa wepesi. Aliyeshushwa kwenye gari saa hiyo hiyo, ana kiu na hofu, ngozi yake hung'ang'ania. Usimburure. Kule Micheweni na kwengineko kwenye ardhi ya mawe, hatua chache tu za kumburura ubavu zinatosha kuichana ngozi. Na usimpige fimbo: damu hujikusanya chini ya ngozi pale alipopigwa, na hapo ndipo patakapooza kwanza.

Mnyama ambaye hutamchuna kabisa

Mbuzi aliyekufa ghafla, hasa akiwa ametokwa na damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, asiguswe na kisu. Nyama yake ni haramu, hilo kila mtu analijua, lakini wapo wanaosema "angalau tuokoe ngozi". Ugonjwa wa kimeta hukaa kwenye ngozi na manyoya kwa miaka mingi. Chumvi haiuui, wala kukausha hakuuui. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta kutokana na ngozi mbichi zilizotoka Afrika Magharibi, akapona kwa taabu. Mwaka 2008 mwengine, wa London, alifariki kwa kuvuta vumbi la ngozi alizokuwa akizifanyia kazi. Mwite daktari wa mifugo, na mzoga usipasuliwe.

Ngozi ya udhia haiuzwi

Hili litajwe mapema kwa sababu ndilo linalozua mabishano baada ya nyama kugaiwa. Ngozi ya udhia ina hukumu ya nyama yake: unaweza kuitumia mwenyewe au kuitoa sadaka, lakini huiuzi, wala humpi mchinjaji iwe ndiyo ujira wake. Sayyidna Ali alikatazwa na Mtume kumpa mchinjaji chochote katika mnyama kuwa malipo. Mchinjaji alipwe fedha kutoka mfukoni mwako. Ukipenda kumpa ngozi baada ya kumlipa, iwe zawadi. Fundi wa ngoma au chuo cha watoto wanaopiga madufu kwenye maulidi wakipewa ngozi, hiyo ni sadaka nzuri. Mbuzi wa harusi au wa kula tu hana mipaka hiyo, uza utakavyo.

Visu viwili, kila kimoja na kazi yake

Cha kuchinjia ni kirefu, kimenyooka, kikali kuliko vyote vya nyumbani. Kikishakata koo kioshwe na kiwekwe mbali. Kosa la kawaida kabisa ni kuendelea nacho hicho hicho kwa kuwa kiko mkononi na kinakata vizuri.

Cha kuchunia ni kifupi, bapa lake sentimita 12 hadi 15, makali yamepinda kwenda juu kuelekea nchani, na ncha yenyewe ni butu ya mviringo. Vya namna hii vinauzwa, na mhunzi naye atakufulia kimoja kwa kipande cha chuma kizuri, lakini si lazima: chukua kisu cha jikoni, ikate ncha kwa tupa mpaka iwe duara. Ncha kali ndiyo adui mkubwa wa ngozi. Jicho la mchunaji hufuata makali yanakopita, wakati ncha iko mbele, upande asiouona, inachoma.

Kisu cha kuchunia kisiwe kikali kupita kiasi, lakini kibutu ni kibaya zaidi, maana kinataka nguvu, na nguvu ikiteleza huishia kwenye ngozi. Kinoe kwa kinoo chenye maji. Kukisugua kwenye saruji ya kizingiti au kwenye jiwe la ufukweni hukipa meno madogo madogo. Nyama kinakata, ila ngozi kinaichana. Huna kinoo? Pindua kikombe cha udongo: ule mviringo mkavu wa chini usiopakwa rangi unanoa makali safi. Fanya kazi hiyo mbali na mbuzi, asione, kama tulivyofunzwa.

Wembe na vile visu vya kukatia maboksi wapewe wanaokata maboksi.

Vyengine vya kuwa navyo tayari kabla ya kuanza ni kamba ya kutundikia, majani ya mgomba ya kutandika, ndoo mbili za maji matamu (si ya bahari), kifuu cha nazi, na kilo moja ya chumvi ya mawe. Chumvi itafutwe kabla ya Idi. Asubuhi ya Idi duka lenyewe litakuwa limefungwa.

Kuchinja

Mlaze ubavu wa kushoto juu ya majani ya mgomba, aelekee kibla. Mkato uwe mmoja, safi, juu kabisa ya shingo, chini kidogo ya kidundumio. Hapo sheria inatimia na ngozi inabaki na urefu wake wote wa shingo. Anayekata katikati ya shingo au karibu na kidari ameipunguza ngozi kwa kiasi cha kuonekana. Usivunje shingo wala usianze kuchuna mpaka mnyama atulie kabisa. Ni amri ya dini, na pia ni ufundi: damu isiyotoka yote hubaki kwenye mishipa midogo ya ngozi, na ngozi ikikauka utaiona michirizi hiyo wazi, dhaifu kuliko sehemu nyengine.

Akishatulia usikawie. Mbuzi mwenye joto huvulika. Akipoa, ngozi hushika, na ile ngumi niliyoisifu itakuwa haina kazi. Salamu na picha zitasubiri.

Kutundika na mistari ya kukata

Mtundike kwa miguu ya nyuma kwenye tawi la mwembe au boriti, kamba ikipita nyuma ya kano, miguu ikiwa imeachana. Mapaja yawe usawa wa kifua chako au juu kidogo. Anayechuna ameinama huchoka mgongo, na akichoka mgongo hukimbilia kisu.

Kwa mistari yote kuna kanuni moja. Toboa tundu dogo, ingiza kisu chini ya ngozi makali yakitazama juu, ukate kutoka ndani kwenda nje. Ukikata kutoka nje kwenda ndani unakata nywele zikajaa kwenye nyama, na usipoangalia unakata nyama pia.

Anza na pete, yaani mkato wa kuzunguka, kwenye kila mguu wa nyuma, kwenye kifundo. Kutoka kwenye pete teremsha mkato kwa upande wa ndani wa paja hadi karibu na tupu ya nyuma. Usikisie njia: ndani ya paja nywele ni fupi na laini, nje ni ndefu, na mpaka wao unaonekana. Ufuate mpaka huo. Kisha mkato wa katikati, kutoka tupu ya nyuma kupita tumboni hadi kooni, ukizunguka pumbu au kiwele. Nenda taratibu tumboni, si kwa ajili ya ngozi tu: ukitoboa matumbo, shughuli yote imeingia uchafu.

Miguu ya mbele ndiyo inayowashinda wengi. Toka kwenye goti, pita upande wa ndani wa mguu, na uelekee ncha ya mbele ya kidari, pale chini ya shingo. Usielekee kwapani. Mkato ukiingia kwapani, ngozi ikitandazwa inakuwa na pengo refu kila ubavu, na fundi hawezi kukata duara la ngoma kubwa kutoka humo. Ngozi nzuri ikitandazwa inakaribia umbo la mstatili. Ukiiona ina mabawa, kisu kilipotea njia hapa.

Ngumi

Weka kisu chini. Kwa mkono wa kushoto shika ukingo wa ngozi kwenye paja, uivute kuelekea kwako na chini. Kwa mkono wa kulia kunja ngumi, kidole gumba kikiwa mbele, isukume baina ya ngozi na nyama. Nguvu ya ngumi ielekee kwenye nyama, si kwenye ngozi. Ngozi inavutwa tu na mkono wa kushoto. Lowesha ngumi kwa maji safi mara kwa mara. Mapaja yakishaachia, mbavu zitakuja zenyewe kwa mwendo wa kuteleza, na mchunaji aliyezoea humaliza ubavu mzima bila kugusa mpini.

Wapo wanaotoboa tundu dogo kwenye mguu na kupuliza hewa ili ngozi ivimbe na kuachana na nyama. Inasaidia kweli, hasa kwa mbuzi aliyekonda. Ila isiwe kwa mdomo. Pampu ya baiskeli iliyosafishwa inafanya kazi hiyo hiyo bila kumpulizia mtu kikohozi kwenye kitoweo.

Ngozi itagoma mahali panne: kwenye shina la mkia, nyuma ya mapaja, begani na shingoni. Hapo chukua kisu, lakini bapa lilale na makali yaelekee kwenye nyama. Ukikosea, ikatike nyama. Nyama iliyokatika inaingia chunguni na hakuna atakayeijua. Ngozi iliyokatika haishonwi ikawa ngozi tena. Begani na ubavuni kuna utando wa nyama nyembamba unaopenda kuondoka pamoja na ngozi. Uache uende nayo. Anayetaka kuuokoa utando ule kwa ajili ya mchuzi ndiye anayetoboa, na faida yake ni matonge mawili.

Hapa kuna jambo ambalo wachunaji wengi hawalijui kwa sababu halionekani siku ile. Si tundu tu linaloharibu. Mchoro wa kisu ulioingia nusu ya unene wa ngozi, bila kutokeza upande wa pili, ni mbaya karibu sawa na tundu, na pengine zaidi, kwa kuwa unadanganya. Ngozi mbichi inaonekana nzima. Inakauka, inawambwa, inanyolewa. Siku ya ngoma moto wa makuti unawashwa, ngoma inaoteshwa ipate sauti, ngozi inajikaza, na mchoro ule unafunguka kutoka ukingo hadi ukingo, watu wakiwa wameshajipanga. Fundi analaumiwa kwa kosa lililofanywa chini ya mwembe miezi iliyopita. Kwa hiyo ukimaliza kuchuna, itandaze ngozi upande wa nyama juu, uitazame ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga wa pembeni. Michoro itajionesha kwa vivuli vyake. Mwambie ukweli unayempa, ili aikate ngoma ndogo kwa kukwepa pale.

Zamani wazee walikuwa wakimvua mbuzi ngozi nzima bila kupasua tumbo, kwa ajili ya viriba vya maji na mivuo ya wahunzi. Mivuo ikitoboka haivuvii, na kiriba kikitoboka hakina maana. Pengine ndiyo sababu walijua kutumia ngumi kuliko sisi.

Saa za mwanzo

Ngozi iliyotoka sasa hivi ina joto la mwili. Ukiikunja na kuitupa pembeni mpaka watu wamalize kula pilau, imeanza kuoza kutoka ndani. Ioshe damu kwa maji matamu, itandaze kivulini juu ya majani ya mgomba upande wa nyama juu, ipoe kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha ikombe. Ilaze juu ya gogo la mnazi lililolainishwa, nywele chini, na ukwangue mafuta na vipande vya nyama kwa ukingo wa kifuu au mgongo wa panga. Kifuu ni bora kwa asiyezoea. Mafuta yakibaki, chumvi haipenyi pale walipo, na baadaye hugeuka manjano na kunuka.

Kwa joto letu, chumvi au fremu ya kukaushia iwe tayari ndani ya saa mbili tatu tangu kuchuna. Ngozi iliyochelewa ina dalili yake: bana nywele chache kwa vidole uvute. Zikitoka bila ubishi, ngozi imeshaanza kuachia, na kwa msala haina kazi tena. Kwa ngoma unaweza kujaribu, lakini usimuahidi mtu.

Upepo au chumvi

Kama ngozi ni ya ngoma na hali ya hewa ni kavu, ikaushe kwa upepo bila chumvi. Funga fremu ya fito nne, kubwa kuliko ngozi kwa kiganja kila upande. Toboa matundu madogo pembeni kabisa mwa ngozi, kila baada ya sentimita 8 au 10, na uivute kwa kamba ya usumba, ukianza shingo na mkia, kisha miguu, kisha baina yake. Ikaze ilingane, isitingishike. Ukiikaza kupita kiasi itajikaza zaidi ikikauka na kuwa nyembamba mno; ukiilegeza itakauka na mikunjo, na mkunjo uliokauka hautoki. Isimamishe fremu kivulini penye upepo, si juani. Jua kali huipika ngozi mbichi. Kwa macho itaonekana imekauka vizuri, ngumu na yenye kung'aa, lakini siku utakayoiloweka ile sehemu iliyopikwa itageuka kuwa ute na kukatika kwa vidole. Usiiwambe chini kwa vigingi pia. Unyevu wa ardhi, mchwa, paka na kunguru wote watapata fungu lao.

Sasa, Idi Kubwa haikai mahali. Hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, masika yamekwisha na kusi imeshika, upepo mzuri wa kukaushia. Mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, 2027 katikati ya Mei, na baada ya hapo inaingia ndani zaidi ya masika, mwezi ukiandama. Pemba ya masika haikaushi nguo, sembuse ngozi. Kwa miaka hii inayokuja jifunze chumvi.

Kipimo ni theluthi hadi nusu ya uzito wa ngozi. Ngozi mbichi ya mbuzi wetu wa kawaida ina kilo moja na nusu hadi mbili na nusu, kwa hiyo kilo moja ya chumvi inatosha. Itumike chumvi ya chembe kubwa, ya mashamba yetu ya chumvi, mpya. Ile laini ya mezani huganda juu kabla ya kupenya, na chumvi iliyokwishatumika kwenye ngozi nyengine hubeba vidudu vinavyotia madoa mekundu ya waridi. Laza ngozi juu ya ubao ulioinama, nywele chini, umwagie chumvi na kuisugua kwa kiganja hadi pembezoni, miguuni na shingoni. Mchunaji husahau pembezoni na uozo huanza huko. Maji yatachuruzika. Kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa, tia nyengine, ukunje upande wa nyama kwa nyama, uweke kivulini mahali pakavu. Baada ya wiki imeshika, na inaweza kukaa miezi ikisubiri fundi.

Msala

Msala ni kazi ya siku saba hadi kumi na haina ugumu. Loweka ngozi iliyotiwa chumvi usiku mmoja kwenye maji baridi, iwe laini, uikombe tena. Ioshe nywele kwa sabuni. Kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati, yeyusha kilo moja ya chumvi na nusu kilo ya shabu kwa lita 10 za maji ya moto, uache yapoe kabisa ndipo utie ngozi. Igeuze asubuhi na jioni. Siku ya tano kata kijipande kidogo shingoni, palipo na unene zaidi: kama weupe umepenya mpaka katikati, imeiva, ukiona mstari wa rangi ya ngozi mbichi ndani, ongeza siku mbili. Suuza, kamua kwa mikono bila kuisokota, itundike kivulini.

Kazi yenyewe inakuja ikiwa karibu kukauka, bado ina ubaridi. Paka mafuta kidogo upande wa nyama, kisha ivute huku na huku juu ya ukingo wa ubao usio mkali, upande wa nyama ukisugua. Ukiiacha ikauke bila kusuguliwa itakuwa ngumu na haitakunjika. Mbuzi aliyechinjwa kisharia ngozi yake ni tohara tangu mwanzo, kwa hiyo shabu hapa ni ya kuifanya idumu na ikalike.

Wazee walitumia magome ya mkandaa, aina ya mkoko, na ngozi ilitoka nyekundu ya kahawia, imara. Mikoko sasa inalindwa na huwezi kuingia tu ukaambua magome. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 ipo, na kibali hutolewa na wanaohusika. Kwa ngozi moja ya Idi, shabu inatosha.

Ngoma

Ngozi ya ngoma haitiwi shabu wala magome. Inataka kubaki mbichi na kavu, ndipo ilie. Iliyotiwa chumvi iloweke na ubadilishe maji mara nne au tano, kwa sababu chumvi iliyobaki hunywa unyevu wa hewa, na ngoma italegea kila jioni ya mawingu hata ukiiotesha vipi. Iliyokaushwa kwa upepo iloweke usiku mmoja tu. Maji yawe baridi. Ya moto huikunyata ngozi na haitanyooka tena.

Kuhusu nywele kuna njia mbili. Maji ya chokaa huzing'oa kwa siku mbili hadi nne, ila chokaa ikikaa sana huila ngozi yenyewe, na inachoma macho na mikono. Mimi niko na mafundi wanaowamba kwanza na nywele zake, wakasubiri ikauke, ndipo wakanyoa kwa wembe pole pole kufuata nywele zinakolala. Ngozi inabaki na nguvu yake yote.

Ukiwamba, mstari wa uti wa mgongo upite katikati ya mzinga, ili unene wa kushoto na kulia ulingane. Ukimwachia mtu mmoja avute peke yake utapata ngoma yenye upande. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wawe wawili, wakikabiliana, kila kigingi na mwenzake wa upande wa pili. Ikae kivulini siku mbili tatu bila kupigwa. Mara ya kwanza kuiotesha, moto uwe mdogo, ngoma ikae mbali na kuzungushwa, isiachwe uso mmoja ukaungua.

Mabaki ya pembeni usiyatupe. Yakate ukanda mwembamba kwa kuzunguka duara kutoka nje kwenda ndani, upate mrefu usio na kiungo. Ukilowekwa na kufungiwa mpini wa jembe uliopasuka, hukauka na kuubana vizuri kuliko waya.